Mmoja Moto, Mwingine Maji

Barua nyingi za toleo hili zimekuja na kilio kimoja: mbwa wawili, paa moja, na hulka zisizokutana popote. Tumechagua nane na kuzifupisha. Jibu moja litajirudia kwa sura mbalimbali, kwa hiyo tuliseme mapema: kosa la wengi si upendeleo. Kosa ni kuwapa vitu vilevile, saa ileile, mahali palepale, wanyama wawili ambao mahitaji yao hayafanani.

SWALI: Shikamooni. Popi ni jike wa miaka saba, mkimya, hana makuu. Simba ni dume wa miezi kumi na hatulii. Kutwa anamrukia Popi shingoni na kumvuta masikio, mpaka Popi anaingia chini ya meza. Wiki iliyopita Popi alimngurumia na kumkenulia meno, nikamkaripia. Je, ameanza kuwa mkali?
– Mwenye Popi

JIBU: Marahaba. Popi hajawa mkali, kachoka. Kabla ya kunguruma alikwisha kusema mengi kwa mwili wake: hugeuza uso pembeni, hujilamba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo wakati hana usingizi, hulaza masikio. Halafu huganda. Mwili unakakamaa kama ubao, pumzi inasimama kidogo, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Hapo ndipo mngurumo unapofuata, na baada ya mngurumo kuna meno tu. Ukimkaripia kwa kunguruma humwondolei hasira. Unamfunza kuiruka hatua hiyo. Mbwa wengi wanaosemwa kuwa “kauma ghafla” ni wale waliokatazwa kunguruma.

Sasa tofautisha mchezo na uonevu. Mchezo wa kweli una zamu: anayefukuza hufukuzwa, aliye juu hulala chini, na mara kwa mara mmoja huinamisha kifua huku makalio yakibaki juu, ishara ya kwamba “bado tunacheza”. Usipokuwa na hakika, mshike Simba kwa sekunde 5 hadi 10, umwache Popi huru. Popi akimrudia na kumchokoza, waache waendelee. Akijikung'uta na kwenda zake, mchezo umekwisha, na kazi ya kuumaliza ni yako, si ya Popi.

Mpatie Popi mahali ambapo Simba hafiki kabisa: chumba chenye kizuizi mlangoni, kitanda chake, na bakuli la maji. Chini ya meza si mahali pa kupumzikia, maana Simba anaingia huko pia, na mbwa aliyebanwa pasipo njia ya kutokea ndiye anayeuma. Simba naye mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi ya mita 2 inayoburuzika sakafuni. Ikate kitanzi cha mkononi isinase kwenye miguu ya viti, na usiifunge shingoni. Imvalishe tu wakati upo na unatazama. Popi akigeuza uso, kanyaga kamba, mwite Simba, na akigeuka mwagie punje kumi za chakula chini azitafute kwa pua. Usimpige wala usimpigie kelele, kwa sababu atakachojifunza ni kwamba maumivu huja akiwa karibu na Popi, na siku moja atamlipa Popi.

Miezi kumi ni balehe. Mwili umeshakuwa mkubwa, akili bado, na hali hiyo huweza kuendelea hadi mwaka na nusu au miwili. Watu humkimbiza mbwa wa namna hii asubuhi na jioni wakitumaini atachoka, wakaishia kupata mwanariadha. Kinachomtuliza zaidi ni kunusa: chukua sehemu ya chakula chake cha siku, kitawanye kwenye nyasi au ukiviringishe ndani ya taulo kuukuu lililofungwa mafundo, umwache dakika 10 hadi 15 akitafute. Kisha alale. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, na kijana huhitaji zaidi. Simba anayeonekana kama amepandwa na wazimu saa moja jioni mara nyingi ni mtoto aliyekosa usingizi wa mchana.

Mkifanya hivi kila siku, tazamieni nafuu ndani ya wiki tatu. Lakini kama ukali wa Popi ulianza ndani ya siku chache na nyumbani hakukubadilika kitu, nendeni kwa daktari wa mifugo kwanza akague meno, masikio na viungo. Jino bovu hufanya mbwa mpole asitake kuguswa kichwani.

SWALI: Mmoja wa mbwa wetu hula kama anafukuzwa, mwingine hula kwa madaha. Wa kwanza akimaliza anamsimamia mwenzake mpaka bakuli liachwe. Mmoja ananenepa, mwingine anakonda. Nifanyeje?
– Mpishi wa Mbwa

JIBU: Funga mlango. Tunajua inasikika rahisi mno, lakini ndiyo dawa. Kila mmoja ale kwenye chumba chake, au pembe mbili za ua zenye kizuizi katikati. Weka mabakuli, subiri dakika 15, yaondoe yote mawili hata kama limebaki lililo na chakula, yaoshe, halafu ndipo ufungue. Ukifungua mlango wakati bakuli bado lipo chini, yule mwepesi atalikimbilia na umerudi ulikoanzia. Mpole akishazoea kwamba hakuna anayekuja kumpokonya, kasi yake itakuwa yake mwenyewe na hatabakiza.

Pima kwa mizani ya jikoni, kwa gramu. Kikombe hudanganya: leo kimejaa, kesho kimefurika. Vitafunio vya mafunzo visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, na viondolewe humo humo, visiongezwe juu. Kujua nani amezidi na nani amepungua, kunja ngumi. Pitisha kidole juu ya vifundo vya ngumi, kisha mgongoni mwa kiganja ukiwa umekinyoosha, kisha kwenye nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Baada ya hapo pitisha vidole kwenye mbavu za mbwa bila kukandamiza. Zikiwa kama mgongo wa kiganja, uzito ni sawa. Zikiwa kama vifundo, amekonda. Kama nyama ya chini ya gumba, kanenepa. Rudia kila baada ya wiki mbili.

Anayemeza bila kutafuna mtandazie chakula kwenye sinia pana, au weka katikati ya bakuli jiwe safi, laini, kubwa kuliko anavyoweza kulitia mdomoni. Asikimbizwe wala kuchezeshwa kwa saa moja baada ya kula, hasa kama ni mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Tumbo likivimba, akawa anajaribu kutapika hakitoki kitu, na hatulii mahali pamoja, tumbo huenda limejaa gesi na kujipinda. Usisubiri asubuhi. Ni jambo la saa chache.

Mifupa na vitu vya kutafuna navyo vifuate sheria ya mlango. Watu hulinda mabakuli, wakasahau mfupa uliozikwa nyuma ya banda, vita vikazuka huko. Maji yawe mabakuli mawili, mbali kwa mbali, ili asitokee mlinzi wa kisima.

SWALI: Jirani ananiambia nijue kwanza nani bosi kati ya mbwa wangu, nimlishe huyo mbele, nimpitishe mlangoni mbele, na mwingine nimkandamize chini mpaka atii. Ni kweli?
– Nataka Amani

JIBU: Habari ya bosi ilitoka kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf) waliofungwa. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha alichokiona kwa mbwa mwitu waliokuwa wakifugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wanyama waliobanwa pamoja bila pa kukimbilia, wakigombea vyeo. Mtafiti David Mech wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kueneza wazo hilo, alikwenda kuwatazama mbwa mwitu huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, kuanzia 1986. Mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi. Hawakupigana na mtu kupata nafasi hiyo.

Kati ya mbwa wa nyumbani anayependa mpira atauwahi mpira, anayependa kitanda atakiwahi kitanda, na hilo hubadilika kutoka kitu hadi kitu. Kumkandamiza mbwa chini ni kumtisha, na mwoga akitishwa sana huuma. Wa kwanza kulishwa awe yule aliyetulia kwanza. Jirani msalimie.

SWALI: Tukitoka kutembea, mmoja ananivuta mpaka mkono unauma. Mwingine akisikia pikipiki anafyata mkia na kulala chini, nambeba. Mtaa mzima wanacheka. Nilidhani jasiri angemwambukiza mwoga ushujaa.
– Mkono Umechoka

JIBU: Huambukizana, ila kinachoambukiza haraka ni kelele na woga. Kwa sasa wasitoke pamoja. Dakika 20 kwa kila mmoja zina faida kuliko saa moja ya kuvutana huku na huku, maana huwezi kumfundisha mmoja kusimama na mwingine kusogea kwa mikono ileile.

Tuanze na mwoga, ndiye mwenye kazi ya polepole. Kagua vifaa kabla ya yote: mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume, na mkanda wa shingo uliolegea hupita kichwani kama kofia. Mvalishe mkanda wa kifuani unaokaza nyuma ya miguu ya mbele, vidole viwili tu viweze kupita kati ya mkanda na mwili. Kisha tafuta mahali ambapo pikipiki zinapita mbali, ambapo anazisikia, anageuza kichwa, lakini bado anakula kutoka mkononi mwako. Huenda ikawa mita 30, huenda ikawa 80. Mbwa asiyekula chakula akipendacho yuko karibu mno na anachokiogopa, hata kama hatetemeki. Rudi nyuma.

Hapo sasa mpangilio ndio kila kitu. Pikipiki isikike kwanza, ndipo chakula kitoke. Vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, kimoja kimoja, mpaka mlio upotee. Mlio ukipotea, chakula nacho kinakwisha. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona pikipiki kwa mbali, wanaharakisha kumpa nyama “asiione”, na baada ya wiki mbili mbwa akiona nyama anatafuta hatari iko wapi. Dakika 5 zinatosha, mara tatu au nne kwa wiki. Siku atakaposikia mlio na kugeuka kukutazama wewe, akidai chake, sogea mita 2 au 3 karibu. Si zaidi.

Na mkibahatika kukutana na pikipiki ya ghafla, mpapase, mwite kwa upole, mwondokeni. Ile kauli kwamba ukimbembeleza unamlea woga haina msingi. Woga si tendo analolifanya ili apate malipo.

Kwa mvutaji, kamba ya mita 2 isiyojivuta yenyewe. Zile zinazojikunja ndani ya mpini humfunza kwamba akivuta, dunia inaongezeka. Kamba ikikaza, simama kama mti. Ikilegea, hata kwa bahati mbaya, endelea. Siku ya kwanza mtatumia dakika 10 kumaliza hatua hamsini, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachoharibu ni huruma ya siku moja moja: ukimruhusu kuvuta siku ile umechelewa, atavuta kila siku kungoja siku hiyo irudi.

Kila mmoja akiweza peke yake, tokeni watu wawili, mbwa kwa mtu, mkitembea sambamba mita 4 au 5 kati yenu. Mwoga awe upande wa mbali na barabara.

SWALI: Majike yangu mawili, miaka mitatu na miwili, yamepigana mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya mwisho mdogo alishonwa, na mume wangu aliumwa mkononi alipowaamua. Kati ya ugomvi na ugomvi wanalala pamoja vizuri tu. Nifanye nini?
– Mama wa Majike

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na mkono wa shemeji, kwani barua haikusema kama alitibiwa. Kila anayeumwa na mbwa, hata wa nyumbani aliyechanjwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa. Kama hajaenda, aende leo.

Siku nyingine asiingize mkono. Mbwa aliye vitani akiguswa shingoni hugeuka na kuuma kilichomgusa kabla hajajua ni cha nani. Anzeni na kelele: sufuria mbili zigonganishwe karibu na vichwa vyao. Zikishindwa, ndoo ya maji usoni, au blanketi zito juu ya wote wawili, au kiti, ubao, kitu chochote kipana kisukumwe katikati. Mkiwa wawili na yote yameshindwa, kila mtu amshike mbwa mmoja kwa mapaja ya nyuma, juu ya magoti, mwinue kwa wakati mmoja na kurudi kinyumenyume mkizunguka nusu duara, ili mbwa atumie miguu ya mbele kujizuia asianguke, asiweze kujikunja kuwauma. Msiachie mpaka kuwe na mlango kati yao. Ikiwa mmoja kang'ang'ania, msimvute hata kidogo. Nyama inayovutwa huchanika. Ngojeni alegeze ili aume upya, hapo ndipo mrudi nyuma.

Baada ya hapo wakagueni wote wawili, hata yule “aliyeshinda”. Pitisheni vidole kinyume cha manyoya, taratibu, shingoni, kwapani, masikioni. Tundu la jino nje ni dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ilhali chini yake ngozi imetengana na nyama na uchafu umeingia ndani. Jipu hutokea siku ya pili hadi ya nne. Suuzeni kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na mpelekeni kwa daktari. Msimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamo na aibuprofeni zimeua mbwa wengi kwa nia njema.

Watenganisheni siku mbili au tatu kamili, wasionane. Msiwalete pamoja jioni ileile “wasameheane”. Mwili wa mbwa hubaki umewaka kwa siku kadhaa, na kishindo kidogo huuwasha tena.

Siku hizo zitumieni kuandika. Chukueni karatasi, kwa kila ugomvi wekeni tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na kilichotokea dakika moja kabla. Mara tatu zinatosha kuonyesha kitu: mlangoni wageni walipoingia, mfupa, nafasi ya miguuni pako, njia nyembamba ambayo wawili hawapishani. Andikeni pia ni lini kila mmoja alikuwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume. Jike huingia joto takribani kila miezi sita, likadumu wiki tatu hivi, na magomvi ya majike hupenda kuzunguka siku hizo. Kuwafunga kizazi kunaweza kusaidia kama chanzo ni hicho. Madaktari wengi huchagua kipindi cha miezi miwili au mitatu baada ya joto. Ila uhasama uliokwisha kujengeka haukatwi kwa kisu peke yake.

Kuwarudisha pamoja kunaanzia nje, mahali ambapo si pa yeyote. Watu wawili, kamba mbili, mita 10 kati yao, mkienda upande mmoja bila kuwakabilisha nyuso. Wakitembea wamelegea, mikia ikiyumba chini, mnapunguza mita moja au mbili kwa siku. Akikazia macho mwenzake na kufunga mdomo, mmekwenda mbio. Sambamba na hilo, mzoesheni kila mmoja kikapu cha mdomo kinachomwezesha kuhema na kunywa: siku za mwanzo aingize pua mwenyewe kufuata chakula, bila kufunga, kufunga kuje baada ya wiki, sekunde chache kwanza. Ndani ya nyumba wakutane wakiwa na vikapu, dakika 10, vitu vyote vya kugombea vikiwa vimeondolewa.

Na tukueleze bila kuzunguka. Majike mawili ya nyumba moja yakishaumizana mpaka kushonana ni miongoni mwa kesi ngumu kuliko zote. Wapo wanaopatana, na wapo watakaoishi kwa zamu, mmoja ndani mwingine nje, milango miwili kati yao, miaka yote. Ikiwa kuna watoto wadogo wanaofungua milango, kumtafutia mmoja nyumba nyingine ni uamuzi wa busara, na usikubali mtu akuaibishe kwa hilo.

SWALI: Mbwa wangu akibaki peke yake analia na kutafuna milango. Nimlete wa pili, mkimya, amtulize?
– Mlango Umeisha

JIBU: Usimlete bado. Washa kamera ya simu, ondoka, uje uangalie nusu saa ya kwanza. Akianza kulia, kuhema na kudondosha mate ndani ya dakika chache, akikwangua mlango uleule uliotokea wewe, anakulilia wewe, na mbwa mwingine hawezi kuziba pengo hilo. Utapata wawili: mmoja analia, mwingine anajifunza kulia. Ikiwa kwenye video kalala saa nzima ndipo akaanza kutafuna, huyo kachoshwa na upweke wa kukosa kazi. Mpe kazi ya pua kabla hujatoka.

SWALI: Nimechukua watoto wawili wa mama mmoja, walizaliwa siku moja. Mmoja anakimbilia kila mgeni, mwingine anajificha. Tumewalea sawa. Imekuwaje?
– Pacha Wasiofanana

JIBU: Kwanza, huenda baba si mmoja. Jike akipandwa na madume tofauti ndani ya joto moja, anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti kwa uzao mmoja. Pili, woga na uchangamfu hurithiwa kwa kiasi. Watafiti Scott na Fuller, waliowalea na kuwapima watoto wa mbwa wa aina tano huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965, waliziona tofauti za hulka hata pale malezi yalipofanana. Hao hao ndio waliosisitiza kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12, ambapo mtoto wa mbwa huzoea watu na vitu kwa urahisi ambao haurudi tena.

Hatari yenu ni kwamba mwoga ataegemea mwenzake. Akiwa naye anaonekana yuko sawa, mkimtenga anaporomoka. Waanzeni mapema: kila siku dakika 10 za mafunzo kwa kila mmoja peke yake, matembezi mafupi peke yake, na usiku vitanda viwili, mwanzoni vikigusana, kisha kiganja kimoja kimoja mbali zaidi kila usiku. Mgeni akija, asimshike anayejificha. Akae chini, atazame kando, arushe vipande vya chakula nyuma ya mtoto, si mbele. Kipande kikiangukia nyuma, mtoto anakwenda mbali kukichukua, anapumua, halafu anarudi mwenyewe.

SWALI: Wanangu, mbwa wangu ana miaka kumi na mitatu, macho yana ukungu, anasikia vizuri bado. Binti yangu kaniletea mwingine wa miaka miwili, mpole, anapenda kulala mgongoni mwa mwenzake. Huyu mzee akiguswa usingizini anauma. Zamani hakuwa hivyo.
– Bibi wa Mbwa

JIBU: Shikamoo, mama. Mzee wako anashtuka, na pengine anaumwa. Mbwa wa umri huo wengi wana viungo vinavyouma, na mwenzake anapomlalia kiunoni anagusa hapo hapo. Mpeleke akaguliwe, dawa sahihi ya maumivu hubadilisha tabia ndani ya siku chache. Mtazame pia akiinuka: akitanguliza miguu ya mbele na kusita kabla ya kuinua ya nyuma, mwambie daktari hilo neno kwa neno.

Kitanda chake kiwe pembeni, ukuta pande mbili, na kizuizi kifupi ambacho mdogo hakiruki, ili anayekuja aje kutoka upande mmoja tu. Godoro liwe nene, na mbele yake mkeka usioteleza. Usihamishe viti wala bakuli la maji. Ramani ya nyumba anayo kichwani. Kumwamsha, mwite kwa jina kwanza ukiwa mbali, ungoje masikio yacheze, ndipo umguse begani, si kiunoni.

Mdogo mfungie kengele ndogo kwenye mkanda wa shingo, moja tu, yenye mlio mwepesi, ili mzee amsikie anapokaribia. Usiku ivue, walale na mlango kati yao.